Pilau ya Majenerali

Majeshi ya nchi mbili, Mandara na Kisuri, yalitengeneza kombora kwa pamoja, yakaamua kulijaribu kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba ya Bi Sikitu.

"Likikosea likaangukia nyumba yangu je, baba?" aliuliza.

Jenerali Lwitiko wa Mandara alicheka. "Halikosei, mama. Hata kuku wako hawatashtuka."

"Basi siku hiyo niwapikie pilau."

"Hapo umenena!"

Siku ilipofika, Lwitiko na jenerali wa Kisuri walikuta mikeka imetandikwa uani kwa Bi Sikitu, chini kabisa ya kilima.

"Karibuni wanangu, mle huku mkilitazama likishuka."

Jenerali wa Kisuri alimgeukia mwenzake. "Tukae hapa?"

"Ninyi ndio mafundi wake. Tangulieni," alijibu Lwitiko.

"Kwani kuna wasiwasi?" aliuliza Bi Sikitu, akipakua.

Hakuna aliyekaa. Jenerali wa Kisuri alitazama juu, akasema upepo haufai. Lwitiko akaamuru mitambo yote ihamishiwe jangwani.

Siku hiyo kuku wa Bi Sikitu hawakushtuka, isipokuwa wawili waliochinjwa kwa ajili ya pilau.