Vigingi vya Bomba Lililokufa

Wapendwa, kaeni vizuri niwapeleke uani kwa mama mmoja wa mjini. Mama huyu ni mjane, na kiwanja chake kilipitiwa katikati na mkuza wa bomba la maji, ule ukanda ambao mji huushika na kukukataza kujenga juu yake. Vigingi vya zege vilisimama pale tangu ujana wake. Mwanawe wa pekee alitamani kuongeza vyumba, akakatazwa, akaoa na kubanana na mkewe kwenye kachumba ka nyuma, mpaka ugonjwa ukamchukua. Mama akabaki na mkwe wake. Wakapendana kweli, waliowaona sokoni walidhani ni mtu na binti yake wa kumzaa.

Asubuhi moja wakaja watu wa mji na sururu, wakaanza kung'oa vigingi. Afisa wao akamweleza mama kwamba baraza limeuachia mkuza, kiwanja chote sasa ni chake, ajenge atakavyo. Bomba lenyewe lilikauka siku nyingi, tangu lilipolazwa jingine kule barabara kuu.

Mnadhani mama alifurahi? Alikasirika, na mimi simlaumu.

"Miaka yote hiyo mlikuwa mnalinda nini hapa?"

Afisa akainamisha kichwa. "Hatukuwa tunalinda kitu, mama. Haki ilikuwa yetu, na hakuna aliyekumbuka kuiachia."

Mama akawapasha mpaka wakaondoka na sururu zao. Akaingia jikoni bado anafoka, amsimulie mkwe wake. Mkwe alikuwa anachambua mchele, sinia mapajani, na kidoleni ile pete ya marehemu. Mama akaanza kusema jinsi watu wanavyong'ang'ania kitu wasichokitumia na kumzuia mwenzao. Akanyamaza katikati ya maneno.

Maana kulikuwa na seremala mmoja, mtu mtaratibu, aliyekuwa ametuma wazee kumposa mkwe huyu. Mama aliwapa chai, kisha akawajibu kwamba yule ni mke wa mwanawe, basi. Mkwe alisikia yote nyuma ya pazia. Alikuja tu kuondoa vikombe.

Mama akaketi karibu naye, akatia mkono kwenye sinia wachambue pamoja. Hakuwa mtu mbaya, wapendwa, aliogopa upweke.

"Wale wazee," akasema, "nitawaita mimi mwenyewe. Kama unamtaka yule seremala, nitakuoza kama binti yangu."

Mkwe akalia. "Na wewe mama, utabaki na nani?"

"Sijui. Lakini hilo lisikuzuie."

Sisi tumekaa hapa tunawacheka watu wa baraza. Haya, yule kijana wa nyumbani aliyewahi kuiba, akaacha, mbona akiingia sebuleni bado tunaficha simu? Yule mdogo wetu tuliyemsomesha, mbona kila akitaka kuamua jambo lake tunamkumbusha nani alimlipia ada? Tunalinda nini? Bomba halina maji. Haki ni yetu, sikatai, ila kuna mtu ameshindwa kujenga maisha yake kwa sababu bado tumeishikilia.

Usingoje nimalize kuhubiri. Pengine huyo uliyemshikilia amekaa benchi hilo hilo ulilokalia. Mgeukie.