Zamu ya Fisi

— Masikio!

— Yapo!

— Na usingizi?

— Tumeuacha nyumbani!

— Basi aliye mbali asogee, na anayetafuna amalize kutafuna, nianze.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisali pamoja, palikuwa na bonde liitwalo Mfumbi, na katika bonde hilo palikuwa na jumuiya. Kila Jumamosi walisali nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Mwenye zamu alifagia ua, akatandika mikeka, akapika, na baada ya sala wote wakala sinia moja. Desturi nzuri. Mimi mwenyewe naipenda, hasa hapo penye sinia.

Katika jumuiya hiyo alikuwemo Bi Mbuzi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Semeni. Mwaka wa njaa kuu, Fisi alimla Semeni. Hakukana. Alisimama mbele ya wote akasema, "Ni mimi." Akaungama, akapewa kitubio: achimbie bonde visima vitatu. Akachimba cha kwanza, akachimba cha pili, akachimba cha tatu. Maji yakatoka, tena matamu. Wanyama wakayanywa. Lakini kila zamu ilipofika kwa Fisi, waliiruka nyumba yake wakaenda ya mbele.

Sasa sikilizeni shida ya Bi Mbuzi. Pale Mfumbi, asiye na kaburi haanui tanga. Miaka mitatu alikuwa amefunga kamba nyeusi shingoni, haendi harusini, halali kitandani, na haimbi ila wimbo mmoja tu:

Semeni, Semeni, umelala wapi?
Nipe fungu la udongo nikulilie.

Wenzake walimwambia, "Fisi haachi kitu, hata mfupa. Utazika nini?" Bonde zima lilijua hivyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza Fisi.

Jumamosi moja walisali kwa Nungunungu. Katekista Batamzinga akasoma jinsi Bwana alivyoingia nyumbani kwa mtoza ushuru, akaketi, akala naye. Wote wakasema amina. Kisha mwenyekiti, Ngiri, akatangaza, "Jumamosi ijayo ni zamu ya Fisi. Kwa hiyo tutakuwa kwa Pundamilia." Wote wakasema amina tena. Bi Mbuzi aliitikia ile amina ya kwanza tu.

Jumatatu akaenda kwa Nungunungu. "Jirani, nisindikize kwa Fisi. Nina swali langu."

Nungunungu akamkaribisha maji. "Swali gani la kumuuliza muuaji? Wanangu wakiniona naingia kule, watasema baba yao ameona sawa tu. Tunamtenga kwa ajili yako, Bi Mbuzi."

Akanywa maji, akashukuru, akaondoka.

Jumanne akaenda kwa Ngiri. "Mwenyekiti, nisindikize kwa Fisi. Nina swali langu."

Ngiri akamkaribisha maji. "Nikienda kwa Fisi leo, kesho kila mwizi atataka tusali kwake. Cheo kina heshima yake. Tunamtenga kwa ajili yako, Bi Mbuzi."

Akanywa maji, akashukuru, akaondoka.

Jumatano akaenda kwa Katekista Batamzinga. "Katekista, nisindikize kwa Fisi. Nina swali langu."

Batamzinga akamkaribisha maji. "Bwana alikula nao, ni kweli. Lakini yule ni Bwana, haambukizwi. Sisi ni udongo. Ukikaa na mwenye dhambi, utaondoka na harufu yake. Tunamwombea kwa mbali, na tunamtenga kwa ajili yako, Bi Mbuzi."

Safari hii hakunywa. Aliyatazama maji kwenye kata. "Maji haya ya wapi, Katekista?"

"Ya kisimani."

"Kisima alichochimba nani?"

Batamzinga akavimba shingo, ikawa nyekundu. Akaona abadili maneno. "Na akikula?"

"Akinila, mtazidi kuwa na sababu ya kutokwenda," akasema Bi Mbuzi. "Mmefanya yote haya kwa ajili yangu. Hakuna aliyeniuliza."

Jumamosi wenzake wakielekea kwa Pundamilia, yeye akashika njia ya Fisi. Kama angeniuliza mimi, ningemwambia arudi. Hakuniuliza.

Akakuta ua umefagiwa na mikeka imetandikwa, ya kutosha jumuiya nzima. Ndivyo Fisi alivyofanya kila zamu yake ilipofika, kisha jua likizama akaikunja. Palinuka, tusidanganyane; fisi ni fisi. Hasira ilimpanda Bi Mbuzi hadi kwenye pembe.

Fisi alipomwona alirudi nyuma hatua tatu, akakaa chini. "Shikamoo, Mama Semeni."

Miaka mitatu hakuna aliyemwita hivyo. Majirani walilikwepa jina lile wakidhani wanamhurumia. Bi Mbuzi akalia palepale aliposimama, akalia mpaka akamaliza, ndipo akaitika, "Marahaba." Kisha akakaa kwenye mkeka.

"Mwanangu ulimmaliza wote?"

"Hapana. Nilipofika kwenye kichwa nilishindwa. Nilikizika, pamoja na kwato zake nne, kwenye kichuguu kile cha ng'ambo."

"Miaka mitatu! Mbona hukusema?"

"Siku ile waliniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi, wakaondoka. Nikaja kwako mara ya kwanza, wakanipiga mawe kabla sijafika uani. Nikaja mara ya pili, wakanipiga mawe. Nikaja mara ya tatu. Walisema wanakulinda."

Wakaenda kichuguuni. Fisi akachimba, taratibu, maana kuchimba anakujua. Vilikuwepo: kichwa kidogo na kwato nne. Bi Mbuzi akavifunga kwenye khanga yake, akavibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Kesho yake jumuiya yote ilikuja kuzika, kwa sababu pale Mfumbi kwenye msiba hakosi mtu. Katekista alisali, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo. Wakatoka makaburini, wakaletewa karai la maji, kwani desturi ni kunawa wote pamoja kabla ya kula. Fisi akasimama pembeni. Bi Mbuzi akamwita, "Njoo unawe." Fisi akatia mikono yake, Bi Mbuzi akatia kwato zake palepale. Wengine wakatazamana. Ngiri akanawa. Batamzinga akanawa. Nungunungu akasema anasikia baridi, akaenda kunawa kwake.

Bi Mbuzi akaikata kamba ya shingoni. Tanga limeanuliwa.

Fisi akamsogelea. "Mama Semeni, umenisamehe?"

"Sijui. Leo nimechoka. Lakini Jumamosi tunasali kwako. Nitakuja na nitakula."

Akapiga hatua mbili, akageuka.

"Usipike nyama."

Na fundisho lake ni hili: ukikataa kuketi na mwenye dhambi kwa ajili ya aliyekosewa, kwanza kamuulize huyo aliyekosewa. Na ukikataa kwa ajili ya Bwana, muulize yeye pia; alikwisha kujibu.

Ngano yangu naiweka chini hapa. Aliyeisikia ni yake, aliyesinzia amuulize jirani. Mimi Jumamosi ile nilikuwepo kwa Fisi. Tulikula maharage, yaliungua kidogo, na nikaongeza.