Siku Nne za Kozue

Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Japani, zama za kale, miaka ilipewa jina, na jina hilo lilitoka kwa mfalme. Nchi ikipatwa na balaa, mfalme hulibadili, ili mikosi izikwe na jina la zamani na hesabu ianze upya. Nasi tusiwacheke. Wangapi kwetu wamembadili mtoto jina kwa kuwa anaugua kila siku?

Mwaka mmoja wa njaa na homa likatangazwa jina jipya: Utulivu Mrefu. Katika bonde moja alikuwako mtawa mjane, Myoren, aliyetunza daftari la wafu katika hekalu dogo. Alikuwa amebakiwa na binti mmoja tu, Kozue, wa miaka tisa, naye hoi kwa njaa. Mtoto aliposikia jina lile alitabasamu.

"Basi kesho kuna uji, mama."

"Kesho, mwanangu."

Lakini jina la njaa ukilibadili, tumbo halina habari. Siku ya nne Kozue akafariki, na uji haujaja.

Hazijapita siku mbili akaja mjumbe wa liwali wa jimbo lile. Bwana wake alikwisha kumwandikia mfalme kwamba tangu jina lile litangazwe hakuna aliyekufa.

"Bibi, pole kwa msiba," akasema. "Katika daftari lako mrudishe mtoto nyuma siku tano tu, awe amefia katika jina la zamani. Hekalu kuu litamsomea dua siku zote arubaini na tisa za msiba."

Myoren hakuwa hata na ubani wa kumfukizia mwanawe. Dua zile alizitamani mno, akalia mbele ya mgeni bila kuona haya. Kisha akasema:

"Bwana, mwanangu ameishi siku nne ndani ya jina hili, akilitumainia. Umri wake ulikuwa mfupi. Usiniambie niukate tena."

Mjumbe akaondoka kwa hasira, na dua hazikusomwa. Myoren akaandika kama ilivyokuwa.

Mwisho wa mwezi madaftari yakapelekwa mji mkuu, kama ilivyokuwa desturi. Mabonde mengine yote hayakuwa na maiti hata mmoja tangu jina jipya; la Myoren peke yake lilikuwa na wafu, siku kwa siku. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Karani mkuu akaingiwa na shaka, akatuma watu, wakakuta makaburi mabichi kila bonde. Ghala la mfalme likafunguliwa.

Uji ulipofika, Myoren aliwagawia watoto wa wenzake kwa mkono wake mwenyewe. Bakuli la mwisho akalipeleka kaburini.

"Kesho yako imefika, mwanangu," akasema. "Nisamehe, imechelewa."

Utulivu Mrefu haukutimiza hata mwaka. Mfalme akaleta jina jingine. Na mama yule, ndugu zangu, hakuwa wa dini yetu, lakini ukweli wake ni hoja juu yetu, sisi tunaosema uongo kwa mambo yasiyofikia hata chozi lake moja.