Ndovu wa Mawinguni na Miguu ya Sisimizi

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa nini?
— Pakawa foleni.
— Na mbele yake nani?
— Hatumjui, kajificha mawinguni.

Basi sikilizeni, ninyi wenye vyeti kabatini, na ninyi mliouza hata kabati.

Kileleni mwa mlima, kule mawingu yanakolala, aliishi Ndovu. Alijitangaza kuwa yeye ndiye akili ya nyika nzima. Kila swali lipande kwake, liwe kubwa liwe dogo, na lipande na fungu la majani. Wapelekaji walikuwa mbayuwayu. Kisimani kuna Chui? Puruu, mbayuwayu anapanda. Ndovu anatafuna kwanza, nyam nyam, ndipo anafikiri. Puruu, jibu linashuka. Huku chini wanyama wanaimba:

Swali juu, jibu baadaye,
majani yetu yametangulia.

Kiangazi kimoja Mama Digidigi alifika kisimani na mwanawe. Akauliza, kama sheria inavyotaka. Akaambiwa please hold, ombi lako linashughulikiwa. Mtoto alikuwa na kiu, hakujua ku-hold. Akasogea. Chwap. Jibu lilipofika lilisema: ndiyo, Chui yupo, chukueni tahadhari.

"Mimi nilimwona," akasema Chura, anayekaa pale pale ukingoni mwa kisima. "Lakini sisi wa ukingoni haturuhusiwi kujibu, dada."

Nguchiro, jirani yake Digidigi, alikuwa amesomea mambo hayo hayo ya maswali na majibu. Cheti anacho, kazi hana. Akapanda mlima, akamweleza Ndovu kwa adabu kwamba mambo ya kisima yajibiwe kisimani, yapande yale mazito tu. Ndovu akacheka mpaka mkonga ukatikisika.

"Kijana, una experience ya miaka mingapi?"

Nguchiro akainama.

"Nimekosea, Mzee. Kila swali ni lako. Ila nashangaa, mbona sisimizi hawaulizi? Wale ni wengi, na kila mmoja angeleta fungu lake."

Tangazo likatoka siku ile ile. Sisimizi nao waulize.

Wakauliza. Nguchiro aliwafunda vizuri. Niinue mguu wa kwanza? Puruu. Sasa wa pili? Puruu. Na wa tatu je? Puruu, puruu, puruu. Majani yakarundikana ghalani yakakauka, maana Ndovu hakuwa na nafasi ya kuyala, na kukataa swali hakuweza, kwa kuwa kukataa swali ni kukataa fungu. Huku chini hapakubaki mbayuwayu hata mmoja, basi wanyama wakaanza kumnong'oneza Chura. Yupo? Yupo, rudi. Yupo? Hayupo, kunywa. Hakuna aliyeliwa tena.

Radi ikapiga ghala. Kanga, mlinzi wake, akakimbia kwa bosi.

"Mzee, moto."

"Panga foleni."

"Ni ghala lako, Mzee."

"Usiniletee mambo ya kujuana. Mbele yako nani?"

"Sisimizi."

"Anauliza nini?"

"Mguu wa tano, Mzee."

"Basi tuanze na wa tano."

Wuuu. Ghala likateketea. Ndovu akashuka mlima amekonda, mkia umebabuka, na nyika nzima ikamcheka.

Kesho yake pakaitwa mkutano. Kisima sasa kinajitegemea, kinahitaji msimamizi. Nguchiro akasimama na cheti chake. Wazee wakateta pembeni, wakarudi. Wakasema kijana ana akili, hilo halina ubishi, tatizo hana uzoefu. Mwenye uzoefu wa kujibu maswali nyika hii ni mmoja tu.

Ndovu akapewa kisima. Amri yake ya kwanza: Chura akiulizwa, anyamaze mpaka aidhinishiwe.

Mama Digidigi alisikia. Akachukua kiu yake, akahama.

Ngano imeishia hapo. Anayetaka kuirefusha alete fungu lake. Na funzo, wanangu, ni hili: wakubwa hawakosei. Kosa lilikuwa la moto, haukupanga foleni.