Jina la Kuandikwa Mlangoni

Hapo zamani, si zamani za mbali, bibi zetu walipokuwa wasichana, palikuwa na mji mdogo wa Kirumbe katika milima ya Upare. Mjane mmoja, Nakiete, aliona watu wakiuza nyundo za babu zao wahunzi kama vyuma chakavu, akaumia. Akaenda nyumba hadi nyumba. Akaomba nyundo, akapewa. Akaomba mivukuto ya ngozi ya kupulizia moto, akapewa. Akaomba vyungu, akafukuzwa, akarudi tena, akapewa. Akavipanga vyote katika ghala kuukuu la kahawa, akaliita makumbusho.

Jirani yake, mzee Senzota, akamcheka mbele za watu. "Nakiete, umefungua jaa!"

Ukaja mwaka wa mvua kubwa. Asubuhi moja mlima ukaporomoka, tope likausukuma ukuta wa ghala. Mbonea, fundi seremala, akaingia mbio, akaukinga ukuta kwa gogo, akaliegemea kwa bega.

"Toeni vitu! Nimeushika!"

Watu wakatoa nyundo, wakatoa mivukuto, wakatoa vyungu. Kilipotoka cha mwisho, ukuta ukaanguka. Wakamfukua Mbonea akiwa hai, mguu umevunjika.

"Vimetoka vyote?" akauliza.

"Vyote!"

Akacheka huku analia.

Lakini mvua haikukoma, na ngozi zilikuwa zinalowa. Nyumba iliyokuwa karibu ni ya Senzota tu, nayo imejaa mahindi. Senzota akatazama, akaguna, akaanza kutupa magunia yake nje. Vitu vikaingia ndani. Mahindi yakaoza, vitu vikapona.

Mji mzima ukashusha pumzi. Hakufa mtu, wala hakikuvunjika hata chungu. Wakajenga makumbusho mapya ya mawe, wakakubaliana yaitwe kwa jina la mtu mmoja.

Nakiete akasema, "Nisingevikusanya, mngeokoa nini?"

Mbonea akasema, "Shangazi, nisingeushika ukuta, vyungu vyako vingekuwa vigae. Mpaka leo nachechemea."

Senzota akakohoa. "Nilicheka, sikatai. Lakini ninyi mlivipenda. Mimi sikuvipenda, na bado wanangu walilala njaa kwa ajili ya vitu hivyo."

Mwandishi wa kibao cha mlangoni yuko juu ya ngazi, brashi imechovywa, rangi inadondoka. Haya, ninyi mnaonisikiliza, mwambieni: aandike jina la nani?