Pandu na Ukumbusho wa Masika

Hapo zamani, enzi ambazo baragumu la kijiji lilijua habari za nyumba ya mtu kabla ya jirani yake, palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Mfumbwe, na mtawala wake alikuwa Sultani Badawi. Usultani wenyewe ulikuwa mdogo kweli kweli. Sultani akipiga chafya sebuleni kwake, mtu wa nyumba ya mwisho alisikia na kumwombea afya. Lakini yeye alijiona mkubwa, na watu wake, kwa kuwa walikuwa na adabu, hawakumbishia.

Katika kijiji hicho alikuwapo fukara mmoja, jina lake Pandu, ambaye kazi yake ilikuwa kupuliza baragumu na kutangaza habari. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Mali yake ilikuwa ile pembe na koo lake. Watu wengi walimdhani punguani, kwa maana ukimwambia neno hulishika vile vile lilivyo. Siku moja jirani yake alimwambia, "Pandu, nitazamie chungu changu," akaenda zake sokoni, na aliporudi akamkuta Pandu amekaa kitako, amekikodolea macho chungu, na wali unaungua.

Basi habari za Mfumbwe zilikuwa za kawaida tu. Kwamba mke wa fulani amejifungua salama. Kwamba mbuzi wa Mzee Usi amepotea tena, na tena atafutwe katika mihogo ya watu. Kwamba wanaofulia nguo penye kisima cha kunywa waache, na wanajijua. Na kila majira yalikuwa na ukumbusho wake. Wakati wa kiangazi watu walikumbushwa wasichome mashamba upepo unapovuma. Na masika yakikaribia, watu wote walikumbushwa kuzibua mtaro mkubwa, ambao ulipokea maji ya mlimani, ukayapitisha kando ya nyumba za Bondeni na kuyamwaga mtoni.

Na desturi ya baragumu ilikuwa hivi, tangu enzi za babu yake Sultani. Likilia, watu wote hufika, Sultani naye akiwamo, na husimama kwa miguu yao; hakuna kuketi, hakuna kula, wala hakuna kuondoka, mpaka lile neno waliloitiwa limetoka. Na ikiwa neno lenyewe ni la kazi, basi yule aliyelitoa kinywani mwake ndiye ashikaye jembe la kwanza. Babu yake Sultani aliiweka desturi hiyo ili watu wasipende kuwatuma wenzao.

Ikawa mwaka mmoja Sultani Badawi akatamani mahali pa kupunga upepo jioni. Akatafuta, akatafuta, asipate pazuri kuliko juu ya ule mtaro, karibu na mlango wake. Akaamuru kijengwe hapo kibaraza cha mawe, kikapigwa chokaa kikang'aa, nao mtaro ukazibwa kabisa. Watu walikuja kukisifu. Mmoja akasema hajaona kibaraza cheupe kama kile, mwingine akasema upepo wake una harufu ya asumini. Hakuna aliyeuliza maji yatapita wapi, kwa kuwa wakati ule ilikuwa jua kali, na wakati wa jua kali hakuna anayeona haya kusahau mvua.

Ila Bi Mize hakusahau. Huyu alikuwa mfinyanzi, mama mtu mzima, na nyumba yake ya udongo ndiyo ya kwanza pale Bondeni, chini tu ya mtaro. Alipoona mawingu yameanza kujikusanya mlimani, alimwendea Pandu akamwambia, "Mwanangu, ukuta wangu ni udongo na vyungu vyangu ni vibichi. Maji yakifurika pale kwenye kibaraza, yatashukia kwangu mimi kwanza, kisha kwa wenzangu wote. Utapuliza lini?"

Pandu akamjibu, "Mama, nitapuliza. Lakini kwanza sina budi kumwambia Sultani, ndiyo adabu."

Akaenda kwa Sultani, akamkuta juu ya kibaraza chake anakula tende. Akamsalimu, kisha akanena, "Bwana wangu, masika yamekaribia. Nimekuja kuomba ruhusa ya kutangaza ukumbusho."

Sultani akajua mara moja neno linaelekea wapi, maana hakuwa mjinga, ila alikuwa amekipenda sana kile kibaraza. Akaona haya, na haya yake ikageuka hasira. Akasema, "Ewe Pandu! Ukumbusho wa masika utautoa kesho kutwa, kama ilivyo desturi. Lakini usitaje mtaro. Usitaje maji. Usitaje Bondeni. Na juu ya yote, usithubutu kutaja kibaraza. Wala usichomeke neno lako badala ya hayo niliyokukataza. Tena sikiliza: maji yakimwingilia mtu yeyote nyumbani mwake, nitajua hukuwaonya watu, na utahama Mfumbwe wewe na pembe yako."

Waziri aliyekuwa amesimama pembeni akakohoa, kwa kuwa hata yeye aliona kwamba amri hiyo haina mlango wa kutokea. Pandu hakukohoa. Akainama, akasema, "Nimesikia, Bwana wangu, na nitafanya kama ulivyoamuru, sizidishi wala sipunguzi." Akaondoka.

Siku ikafika. Jua lilipokuwa karibu na utosi, na pilau ya Sultani imeshapakuliwa, baragumu likalia. Nalo lilikuwa linalia pale pale penye mtaro, kwa sababu neno la kazi hutangazwa mahali pa kazi. Watu wakamiminika. Wa Bondeni wakaja na majembe yao begani, kwa mazoea. Mzee Usi akaja anamburura mbuzi wake ili asipate kutangazwa. Sultani naye akatoka, amevaa makubadhi mapya yanayombana, akasimama kando ya kibaraza chake.

Pandu akapanda juu ya jiwe, akasafisha koo, akapaza sauti: "Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo, waume kwa wake! Ukumbusho wa masika ni huu!"

Kisha akanyamaza. Mdomo ulikuwa wazi, macho yanawatazama watu, na hakuna kilichotoka.

Watu wakangoja. Mtu mmoja akakuna kichwa, mwingine akahamisha jembe kutoka bega hili hadi lile. Pandu yupo vile vile. Hatimaye Sultani akanena, "Mbona husemi?"

"Nimekwisha kusema, Bwana wangu," akajibu Pandu kwa unyenyekevu. "Nilikuwa na ukumbusho kamili. Nikauondoa mtaro, kama ulivyoamuru. Nikayaondoa maji. Nikaiondoa Bondeni, na kile kingine nikakiondoa, wala sikitaji. Na badala yake sikuchomeka neno lolote. Haya niliyoyasema ndiyo yaliyobaki."

Watu wakainamisha nyuso zao kwa pamoja, kila mmoja akawa anatafuta kitu mchangani. Waziri akakohoa tena, na safari hii kikohozi chake kilifanana sana na kicheko.

Sultani akasema, "Vema, basi! Tawanyikeni!"

Hakuna aliyetikisika. Mzee Usi ndiye aliyejibu, akasema kwa upole, "Tutatawanyikaje, Bwana wetu? Neno la masika halijatoka. Desturi ya marehemu babu yako ni hiyo, nasi tunamheshimu mno."

Sultani akaikumbuka desturi, na akakumbuka pia kwamba kiti anachokikalia kilimjia kwa desturi hiyo hiyo ya babu yake. Mtu hawezi kuikanyaga nusu yake na kuikalia nusu nyingine. Basi akasimama. Jua likawaka. Makubadhi yakabana. Harufu ya pilau ikatoka jikoni, ikapita mbele ya pua za watu wote, ikakaa kwenye pua ya Sultani. Mpishi akachungulia dirishani, akaashiria kwa mkono kwamba chakula kinapoa, na Sultani akamtazama kwa jicho ambalo mpishi hakulisahau.

"Pandu," akanong'ona Sultani, "taja basi walau mbuzi."

"Mbuzi yupo, Bwana wangu, huyo hapo. Hajapotea."

Hapo Bi Mize akasogea mbele. Hakuwa na mzaha hata kidogo. Akasema, "Bwana wetu, mimi nimezeeka na miguu inaniuma, lakini nitasimama mpaka jioni ukitaka. Leo nasimama hapa nikiwa na nyumba ya kurudi. Mvua ikinyesha, nitasimama hivi hivi nje, na nyumba sina."

Sultani akamtazama yule mama, kisha akautazama mlima uliokuwa umeanza kuwa mweusi. Moyo ukamchoma kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekwisha kusifiwa mno. Akavuta pumzi, na kwa sauti ambayo haikuhitaji pembe akasema, "Enyi watu wa Mfumbwe! Maji ya masika yanakuja, na mtaro umezibwa na kibaraza changu. Uzibuliwe leo, yasije yakaingia Bondeni."

Pandu akateremka kutoka juu ya jiwe, akachukua sululu ya mtu, akaifuta mpini kwa shuka yake na kumpa Sultani kwa mikono miwili. Sultani akaitazama sululu, akamtazama Pandu, akavua yale makubadhi, na kwanza kabisa akashusha pumzi ya raha. Kisha akakipiga kibaraza chake mwenyewe, chokaa ikamrukia ndevuni, na watu wakapiga vigelegele, wakaungana naye kazini. Kabla ya magharibi mtaro ulikuwa wazi, na Sultani alikuwa amekula pilau baridi, amekaa chini pamoja na wenye majembe, akasema hajapata kula pilau tamu kama ile.

Usiku ule mvua ikashuka, nayo haikuwa ya mchezo. Asubuhi Sultani akamtuma waziri aende Bondeni mbio akaone. Waziri akarudi ametapakaa tope, akasema, "Bwana wangu, nyumba zote zimesimama. Bi Mize yu mlangoni anaosha vyombo kwa maji ya mtaroni. Anakushukuru sana, ila anasema maji yako yamemchukulia ndara moja."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaagiza Bi Mize apelekewe ndara mpya, na Pandu akaitwa, akapewa kanzu na kipande cha shamba. Kisha Sultani akamwambia, "Sasa, Pandu, tangaza habari za leo, na leo sikukatazi neno lolote. Tangaza lile lililo kweli."

Pandu akatoka na kanzu yake mpya, akapuliza baragumu, watu wakakusanyika, naye akapaza sauti: "Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo! Maji yamepita salama. Mbuzi wa Mzee Usi amepotea. Na Sultani wetu tangu jana hana pa kukaa jioni. Mwenye mkeka amkaribishe!"

Watu wakamtazama Sultani kwa hofu. Lakini kabla hajafungua kinywa, Bi Mize alikwisha kuitikia, "Na aje kwangu!" Jioni hiyo Sultani Badawi akashuka Bondeni kwa miguu yake, akaketi juu ya mkeka wa mfinyanzi, akasikia mtaro ukivuma kando ya ukuta mzima, na akakawia kurudi nyumbani.