Pombe ya Kumrudisha Wawira Kwao

Tulieni niwape kesi. Kuisikia ni rahisi, kuikata ndiyo kazi.

Kule Mbeere, kwenye nchi kavu ya nyuki na asali, kulikuwa na boma lenye watu watatu wa kusifika. Wa kwanza alikuwa Ciakuthi, mkongwe wa boma, ambaye kila mtu alimwita Cucu, yaani bibi. Kipaji chake kilikuwa kutunza. Kitu kilichoingia mikononi mwake hakikupotea wala hakikuoza. Wa pili alikuwa mjukuu wake, Igoki. Huyu kipaji chake kilikuwa kipimo: alijua chumvi imetosha kabla hajaonja. Wa tatu alikuwa Nthiga, ndugu yake Igoki. Huyu akishika jambo, haliachi mpaka liishe, hata likimuumiza.

Bomani humo alikuwamo pia Wawira, ambaye hakuwa na kipaji cha kusimuliwa. Alikuwa na shida. Aliolewa na Mbogo, kaka mkubwa wa Igoki na Nthiga, kwa kutoroka, na baba yake, mzee Kiura, akafunga mlango. Wawira akazaa, watoto wakatembea, mlango bado umefungwa. Mama yake alipofariki, habari alizipata sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akipima mtama. Walikuwa wamekwisha kuzika.

Siku moja shangazi yake akaja na ujumbe. Kiura amekubali kumwona.

"Lakini anataka pombe ya asali," shangazi akasema. "Kali, kama ile aliyokuwa akipika marehemu. Amesema akionja maji matamu ataimwaga chini, na wewe usirudi tena."

Wawira alimsindikiza shangazi mpaka njiani, akarudi akakaa mlangoni, mikono mapajani. Hakulia. Alikuwa akijaribu kukumbuka ladha ya pombe ya mama yake, na haikumjia.

Mbogo akarina mizinga yake yote. Mvua ilikuwa haba mwaka ule, na asali ikatosha kibuyu kimoja tu. Ya kujaribia haikuwapo. Mbogo tumweke kando, maana yeye ndiye aliyemtorosha binti wa watu; kutoa asali ulikuwa wajibu wake.

Sasa, asali na maji peke yake si pombe. Panahitajika chachu. Watu wa kule chachu yao huishi ndani ya matunda ya mwegea, mti wa matunda marefu mazito yanayoning'inia. Tunda hukatwa, huchemshwa, hukaushwa, kisha hulowekwa kwenye pombe hadi nyuzi zake zishibe chachu. Baada ya hapo hukaushwa na kutunzwa, likingojea pombe nyingine. Lakini siku hizi wengi hutumia hamira ya dukani, na matunda yao wameyatupa. Wawira alizunguka nyumba za majirani akarudi mikono mitupu.

Cucu akamwita jikoni. Juu ya moto ulining'inia mfuko wa kamba, mweusi kwa moshi, na ndani yake matunda makavu ya mwegea.

"Nilikuja nayo nikiwa bibi harusi," akasema. "Mwaka wa asali niliyapa asali. Mwaka wa njaa niliyapa maji ya muwa, yasije yakafa. Watu walinicheka, wakasema nalisha miti."

Akayatoa yote, hakubakiza hata moja.

Mbogo alifurahi, akabeba asali ili aimimine. Igoki akamshika mkono.

"Subiri. Matunda hayatoshi."

"Si ndiyo haya yaliyokuwa yakitosha siku zote?"

"Kwa pombe ya kawaida, ndiyo. Hii mnaitaka kali, asali ni nyingi. Chachu kidogo namna hii itachoka katikati. Mtabaki na utamu, halafu uchachu."

"Basi tuongeze hamira ya dukani," akasema Wawira.

"Baba yako atasikia harufu ya mkate, wifi."

Igoki akachukua chungu kidogo, akaweka maji ya vuguvugu, asali kiasi cha kulamba, na matunda yote. Akaacha. Povu lilipopanda akaongeza asali kidogo na maji, akaacha tena. Chachu ikazaana. Mbogo alipomhimiza, alimjibu, "Mtoto mchanga utampa ugali?" Kisha chungu kikafura mpaka kikamwagika, na Wawira akashangaa kumwona Igoki akiteka machicha na kuyatupa nje.

"Juzi haikutosha, leo unaitupa?"

"Leo imezidi. Ikizidi itakimbia, itapata joto, na pombe italeta ladha ya mti. Tunataka itembee."

Alipoona kiasi kimefika, akahamishia yote kibuyuni pamoja na asali iliyobaki. Akaweka sikio kwenye shingo ya kibuyu, akatabasamu. Kilikuwa kikinong'ona.

Hapo ingekuwa mwisho, lakini ukungu ukashuka kutoka mlimani na baridi ambayo Mbeere haijaizoea. Kibuyu kikanyamaza. Igoki akasikiliza, akasikiliza tena.

"Imelala," akasema. "Kipimo changu kimefika mwisho. Hili la baridi sina dawa yake."

Wawira akainuka akaenda nyuma ya nyumba, na alipokuwa huko hakuna aliyemfuata.

Nthiga ndiye aliyekiingiza kibuyu ndani. Kwenye moto kisingekaa, kwa sababu moto mkali huua chachu. Mbali na moto kingebaki kulala. Akakifunga blanketi, akakaa kati yake na jiko, mgongo wake ukikigusa kibuyu, akakipa joto la mwili wake. Moto ukizidi anajisogeza nacho. Ukipungua anarudi. Wawira akawa anampelekea uji.

"Shemeji, mbuzi wameingia kwenye ndengu zako."

"Nimewasikia."

"Nenda basi ukawatoe."

"Nikiondoka itapoa."

Wawira alikimbia mwenyewe kuwafukuza mbuzi, lakini shamba lilikuwa limekwisha kuliwa. Aliporudi kumwambia, Nthiga aliinua kidole anyamaze. Alikuwa ameuhisi mgongoni mtetemo mdogo. Kibuyu kilianza kunong'ona tena, na hakikunyamaza mpaka pombe ilipoiva.

Wawira aliibeba mwenyewe kwa baba yake. Kiura akamimina kwenye pembe, akanusa, akanywa. Akanywa tena.

"Ya mama yako pia," akasema hatimaye, "makali yake yalikuwa yakija mwishoni."

Kisha akauliza majina ya watoto, moja moja, akampeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha kaburi. Walisimama pale mpaka Wawira alipomaliza kulia.

Wakati wa kuagana, Kiura akaleta mtamba mwekundu.

"Nani alipika ile pombe?"

"Watu wa boma, Baba."

"Boma halina mkono. Huyu ni uzao wa ng'ombe wa mama yako. Si wa Mbogo, si wako. Ni wa mkono mmoja uliofanya pombe ile. Mama yako hakupenda ng'ombe wake awe na wenyewe wawili. Nitakuja kumtazama, na nitauliza ni wa nani."

Wawira akarudi akimwongoza mtamba kwa kamba. Alipoeleza maneno ya baba yake, vicheko vya pale bomani vilikatika.

"Bila matunda yangu," akasema Cucu, "mngempelekea mzee wa watu maji ya asali."

"Matunda yako, Cucu, yangezama kwenye asali ile," akasema Igoki. "Mimi ndiye niliyeyafanya yatoshe."

"Yalitosha, yakalala," akasema Nthiga. "Na mimi sina ndengu mwaka huu."

Wote watatu wakamtazama Wawira. Mmoja ni bibi wa mumewe, mmoja ni wifi yake, mmoja ni shemeji yake, na ataishi nao wote. Kila mmoja amesema kweli. Na mzee Kiura tayari ametuma neno kwamba yuko njiani.

Nanyi mmesikia kila kitu, sikuficha hata kimoja. Kamba ya yule mtamba, wewe ungemkabidhi nani?